Furushi la Mashavu

Asubuhi imetoka mara mbili leo. Ya kwanza ilichungulia upande wa mabondeni, ikatumwagia mwanga wa kijivu, halafu ikarudi ilikotoka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hii ya pili imekuja na ukungu. Kwenye Njia ndivyo mambo yalivyo, na hakuna anayeshangaa. Unaamka, unakung'uta umande kwenye blanketi, unabonyeza malengelenge ya kisigino uone kama yameiva, unafunga viatu vyako vya matairi, unaondoka. Jua likibadili nia, shauri yake.

Mimi nina jambo moja tu linalonipandisha huku juu. Nawapelekea Wenye Njia furushi la mke wangu.

Nitaeleza polepole, maana shule niliiacha ningali nahesabu kwa vijiti, na nikisema haraka hasira hutangulia maneno. Njia ni hii tunayoitembea. Mwanzo wake hakuna anayeukumbuka. Ukimwuliza mtu atakwambia alijikuta tu anatembea, na mama yake alikuwa mbele. Mwisho wake uko ng'ambo ya mlima, mahali panapoitwa Mapumziko, na sijaonana na mtu aliyerudi kutoka huko akaniambia pakoje. Katikati, juu kabisa, kuna Lango, na juu ya Lango kuna nyumba ya Wenye Njia. Hao hatujawahi kuwaona. Tunaona kazi yao, na kazi yao ni mawe meupe. Jiwe likipakwa chokaa, hapo ni Njia. Lisipopakwa, hapo ni pori, hata kama babu yako kazikwa hapo. Sisi tunatazama mawe, tunafuata. Tumefuata mpaka macho yetu yamesahau kutazama kitu kingine, kama punda wa kinu.

Basi wakayahamisha. Zamani Njia ilipita chemchemini. Kila mtu alikunywa pale, akaosha miguu, akajaza kibuyu chake. Siku moja tukakuta chemchemi imezungushiwa waya, bomba jeusi limelala juu ya nyasi linapanda kwenda kwenye ile nyumba, na mawe meupe yamepangwa upande wa pili wa kilima, kwenye Ukavu, ambako hata mjusi hupita akikimbia. Mimi na mke wangu, Mashavu, tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyafuata. Katikati ya Ukavu tukasikia maji. Nyuma ya ukingo, hapo tu. Tukageuka kuyaendea. Kwenye kona palikuwa na mlinzi, kofia imemfunika macho, akanyoosha fimbo akasema Njia iko kwenye mawe. Nikamwambia mke wangu hawezi. Akasema Njia iko kwenye mawe. Nikamwambia kibuyu kimoja tu, achote yeye mwenyewe kama haniamini. Njia iko kwenye mawe. Mashavu akakaa kwenye kivuli changu, maana kivuli kingine hakikuwepo, akasema, "Shekue, yanalia karibu kabisa."

Baada ya hapo hakusema kitu.

Kwa hiyo nina swali. Nani alihamisha mawe, na alipokuwa akiyahamisha alifikiri tutakunywa nini? Ni hilo tu. Mtu aliyesoma angelizungushia maneno, mimi sina ya kulizungushia. Nitaliuliza Langoni, nimeliweka furushi lake chini mbele yao, wasije wakaniambia hapajafa mtu. Maana wale, mtu akifa Njiani, hawasemi amekufa. Wanasema hajafika.

Sasa ipo desturi, na hii ni yetu watembeaji, si yao. Mtu akibeba mzigo wa mwenzake huitwa jina la mwenye mzigo mpaka autue. Kwenye mpando hubebi wako. Unampa mgeni mzigo wako, naye anakupa wake, mnapanda mkiitana kwa majina yaliyobadilishana migongo. Na mzigo uliotuliwa hauachwi nyuma. Ukiukuta chini na mwenyewe hawezi, unauinua, unausogeza mbele, na atakayeukuta mbele atausogeza tena. Hakuna aliyetufundisha. Nadhani tuliona tu kwamba bila hivyo Njia nzima ingejaa mizigo na sisi tungekwama katikati yake.

Kwa hiyo tangu siku ile mimi naitwa Mashavu. Mwanamume mzima, ndevu mpaka kifuani. Nikitokea tu kwenye kona wananiona na lile furushi la kitenge cha kahawia, wananiita, karibu uji Mashavu, kuna viazi Mashavu, njoo ukaushe miguu. Naitikia. Mwanzoni niliitikia kwa shida, sasa naitikia hata kabla sijaitwa. Kuna asubuhi naamka nikiona uji hauna chumvi, na mimi sikuwahi kujali chumvi, aliyekuwa akijali ni yeye. Nafunga mafundo kwa mkono wa kushoto. Nikiwa peke yangu nasikia mtu anaguna kwenye mteremko, nageuka, kumbe ni mimi, naguna kama yeye. Sijui kama hivyo ndivyo wafu wanavyoendelea kutembea, au ndivyo walio hai wanavyosimama. Sijui. Nani wa kumwuliza? Wanaojua wamekaa juu wanaoga.

Wengi wameomba kunipokea. Nimekataa wote. Mimi blanketi langu na kibuyu wachukue, lakini furushi hapana.

*

Ukavu ni mrefu, siku nyingi nautembea bado, na sasa una watu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, na najua likisemwa linasikika vibaya. Wanaokaa kwenye miteremko ya chini, watu ambao Njia haiwahusu, wanapanda na madumu ya maji kichwani, wanatundika magunia kwenye vijiti pawe na kivuli, wanachochea moto wa mavi ya ng'ombe, wanapika uji. Hawakujui, hawakudai. Mmoja anakukatia kipande cha mpira wa baiskeli anakufungia kiatu kilichoachia. Mwingine anakukanda mguu kwa maji ya chumvi huku anakusimulia ugomvi wake na majirani, kana kwamba mguu ule ni wa ndugu yake.

Aliyekuwa na dumu siku niliyofika mwisho wa Ukavu ni mwanamke wa makamo, mwembamba, jino la mbele limevunjika, anaitwa Havijawa. Mdomo wake haupumziki. Aliponiona na furushi, akauliza mbele ya watu wote mbona ndevu za Mashavu zimezidi mwaka huu, watu wakacheka, na mimi nikajikuta nimekaa na bakuli mkononi.

Maji yalikuwa baridi, na nikayachukia kwa sababu yalikuwa baridi. Yangekuwa wapi siku ile? Nikamuuliza walianza lini kuja hapa. Akasema walianza baada ya kusikia kuna mwanamke alikufa. Hakujua ni nani. Nikanywa mpaka bakuli likaisha.

"Maji yenu haya ndiyo yanayowalaza usingizi kule juu," nikamwambia. "Watu wangeendelea kufa hapa, wasingeweza kujifanya hawaoni. Sasa hafi mtu. Wanatazama chini, wanaambiana, mnaona, inapitika."

Akaendelea kuchota. "Kwa hiyo nikuache ufe, ili wao waamke?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, ila umezunguka. Haya, chagua, nimwache nani? Yule pale mwenye mtoto mgongoni? Au nianze na wewe?"

Watu wakatazama chini. Nimelala na lile swali lake likalala juu ya swali langu kama watoto wawili kwenye blanketi moja, kila mmoja anavuta kwake. Maana ni kweli, maji hayangoji haki. Mtu ana kiu sasa hivi. Lakini kila dumu linalopandishwa na shingo ya mwanamke huyu ni dumu ambalo bomba jeusi lingelileta, na wao wanajua, na wanamtazama anavyohema, na wanajisikia wametawala vizuri. Wema unaziba tundu waliloliacha wao. Tundu likizibwa, nani ataamini palikuwa na tundu? Na kama wema ni mbaya kwa sababu unazaa matokeo mabaya, mbona nilipokunywa nilitaka kulia? Nikamwambia Havijawa kwamba wao, yeye na wenzake, wanabeba kila kitu cha mtu isipokuwa hasira yake. Akasema hasira haina mpini, angeibebaje, na akaniuliza kama nimeshiba.

Niliposimama, goti likakataa.

Lilikuwa likininong'oneza tangu mteremko wa nyuma, sasa likasema wazi. Nikaanguka ubavu, na furushi nimelikumbatia lisiguse chini. Havijawa akalifunua goti, akaliona lilivyofura, akaguna. Akasema hapa mpaka Langoni ni mpando mtupu, na goti hili na furushi hili haviendi pamoja, kimoja kitabaki. Nikasema nitatambaa. Akaniambia nikitambaa nitafika na furushi lililochanika na mimi mwenyewe nimechanika, na hao ninaotaka kugombana nao watanifagia tu. Akaahidi angelichukua mpaka tuo la kwanza, penye mwamba uliopasuka, aliweke hapo, arudi kwenye maji yake, na mimi nilikute.

Ningefanyaje? Nikampa.

Akakunja ngata, akaliweka kichwani, akanyooka. Kitenge cha kahawia kikasimama juu ya mwili wa mwanamke, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na watu wote pale wakamwita kama inavyotakiwa. Safari njema, Mashavu. Nami, kwa desturi, sikuwa na budi kumwita vilevile.

"Mashavu," nikasema, "usiende mbali."

Hakugeuka. Nadhani alielewa, ndiyo maana hakugeuka.

*

Penye mwamba uliopasuka hapakuwa na furushi. Palikuwa na mwanamke anachoma viazi. Akaniambia Havijawa alilileta, akaliweka vizuri, akawaambia mwenyewe anakuja nyuma na goti bovu, akateremka kurudi kwenye maji yake. Nao wakashauriana, wakaona hapana, mzee wa watu ataanza tena kulibeba na goti hilo, afadhali wampunguzie. Walilisogeza. Alilisema hili akitabasamu, ananipa kiazi, akingoja nishukuru.

Nikauliza liko na nani. Akasema, "Mashavu? Kapita sasa hivi. Anatembea vizuri tu."

Naomba mnielewe. Nilijua. Mimi si mjinga wa kiasi hicho, desturi yenyewe nimekua nayo. Lakini nilipoanza tena kupanda, fimbo mbele, mguu nyuma, kila niliyemkuta nilimuuliza kama amemwona Mashavu, na kila mmoja alikuwa amemwona. Mtu mmoja alisema Mashavu kamwomba chumvi. Wazee wawili wakasema alikuwa akicheka, yuko na wenzake, kapita kwenye lile jiwe linaloteleza bila hata kushika. Mwingine akasema alikuwa akiguna. Ukungu ukawa mzito, asubuhi ikataka kurudi tena ilikotoka, na moyo wangu, huu moyo wa mtu mzima, ukaanza kukimbia mbele ya goti. Nikaanza kufikiri akifika kwenye kona atachoka, atakaa, nitamkuta. Nikapanga hata neno la kumwambia. Nikasahau nilikuwa nawapandia akina nani. Kwa kipande kile cha Njia sikuwa na hasira na mtu yeyote duniani, na hilo siwasamehe Wenye Njia, wala wale wema walionifanyia hivyo siwasamehe, wala mawe.

Mashavu hakukaa kwenye kona.

*

Lango si mlango. Ni miamba miwili iliyoegemeana, na kati yake upenyo wa mtu mmoja na mzigo wake. Walinzi wawili wamekaa kwenye vigoda, mmoja kila upande. Unasema jina lako, wa kulia analitupa juu kwa sauti, fulani apita, na kutoka juu, ndani ya ukungu, sauti nyingine inalipokea na kulipeleka mbele. Ndivyo Wenye Njia wanavyojua. Hawakuoni, wanakusikia unapita.

Nikauliza kuhusu furushi la kitenge cha kahawia.

"Mashavu kapita," akasema wa kulia. "Kataja jina kwa sauti nzuri. Juu wamemsikia."

"Yule siye Mashavu. Mashavu alikufa Ukavuni."

Akamtazama mwenzake. "Alikufa, halafu akapita?"

"Aliyepita ni aliyembebea."

"Na huyo aliyembebea anaitwa Mashavu kwa desturi ya nani?"

"Yetu."

"Basi ni ninyi mliosema kapita," akasema, tena bila ubaya, kama mtu anayekusaidia kutafuta kitu ulichopoteza. "Sisi tumepokea tu."

Hapo nikaona jinsi walivyoshinda bila hata kuinuka. Mikono mingapi sijui ya watu wema ilikuwa imempitisha mke wangu, mkono kwa mkono, mzima, anacheka, mpaka ng'ambo. Ushahidi wangu unateremka kwenda Mapumziko, na huko juu, ndani ya ile nyumba, mtu ameegemea kiti chake kasikia Mashavu apita, karidhika. Hajafa mtu. Swali langu nilikuwa nalo bado mdomoni, lakini halina pa kukanyaga. Niliuliza hata hivyo. Wa kushoto akaniuliza mimi nisiye na mzigo nasikitika nini.

Basi nikakaa. Katikati ya upenyo, nikanyoosha goti bovu likagusa mwamba wa pili. Nikawaambia mzigo ni mimi. Mtu asipite mpaka Wenye Njia washuke wanijibu. Nilijivunia ujanja huo, nikaona hatimaye nimepata kitu ambacho hakuna atakayeweza kukisogeza kwa wema.

Watembeaji wakafika. Wakanikuta chini.

Sijui kama nimalizie kusema. Aliyekuwa mbele ni mchoma mkaa, jitu kubwa, makucha meusi, nilikuja kujua jina lake ni Ngoda. Akaona mzee, akaona goti, akaona nimekaa njiani na siendi. Akafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Akampa wa nyuma yake gunia alilobeba, akachuchumaa, akanivuta mikono nikawa mgongoni kwake kama mtoto. Nikapiga kelele. Nikampiga mabega. Akasema tulia mzee wangu, umechoka, ni hapa tu. Na wenzake nyuma wakaniambia hivyo hivyo, kwa sauti za upole, mmoja akanishika mguu usigonge mwamba.

"Jina?" akauliza mlinzi.

"Shekue," akasema Ngoda. Havijawa alikwishawaambia watu Njiani wamtazamie mzee Shekue mwenye goti bovu, ndiyo maana Ngoda alilijua jina langu.

Mlinzi akalitupa juu. Shekue apita. Kwenye ukungu likapokewa. Nikasikia jina langu linakwenda bila mimi, limefika, limeridhika, na nikajua alivyojisikia Mashavu kama wafu husikia.

Nikamshika Ngoda sikio. Nikamwambia sitaki kupita. Nikamwambia yote kwa mkupuo, chemchemi, waya, bomba, mawe, kivuli changu. Yeye alikuwa ameshaweka mguu mmoja ng'ambo. Akasimama.

"Chemchemi gani?" akauliza. Alikuwa kijana, alifika upande huu wa Njia mawe yakiwa Ukavuni tayari. Alidhani yalizaliwa pale.

"Shekue, pita," akasema mlinzi.

Ngoda akafikiri. Nilisikia anafikiri, kupitia mgongo wake. "Shekue hataki," akasema.

"Nani anasema hataki?"

"Shekue."

Nyuma yetu watu wakaanza kugongana. Mtu akauliza kuna nini huko mbele, akajibiwa Shekue kagoma. Mlinzi akainuka kwenye kigoda, mara ya kwanza. Ngoda akageuza kichwa kunitazama, akaniuliza swali langu lilikuwaje vile, na kabla sijamaliza kulinong'ona akaanza kulisema kwa sauti yake ya mchoma mkaa, akiliharibu, akiliongezea.

"Nani kahamisha mawe, bwana? Tunakunywa nini sisi? Mke wangu kafa Ukavuni," akasema Ngoda, mtu ambaye hajaoa, na sauti ikamkatikia kwenye neno mke. "Anasikia maji, anakatazwa. Kwa nini? Mwambie huyo wa juu ashuke."

Mlinzi hakulitupa hilo juu. Lakini ukungu ulikuwa karibu, na Ngoda ana kifua, na sauti ya juu iliyozoea kupokea majina ikanyamaza kama mtu aliyepewa kitu asichojua akishike wapi. Tukangoja. Hakuna aliyeshuka. Nyuma, mizigo ilikuwa inawekwa chini, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuwa akiinua wa mwenzake.

Mimi si mwepesi. Baada ya muda miguu ya Ngoda ikaanza kutetemeka, jasho lake likaniloweka kifua. Nikamwambia basi, mwanangu, nishushe, umefanya ya kutosha.

"Bado," akasema. "Nikikushusha nitakuwa Ngoda. Ngoda hana ugomvi na mtu, atapita."

Nikamshika shingo vizuri, nikakaa.